Kichaka cha Marehemu Kilikatwa, Panga Likaonekana Mkononi Mwangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla saruji haijamwagwa, maana barua hii nimeiandika kichwani kila siku nikiwa kazini mpaka nikaunguza shuka la watu, na sina mwingine wa kumweleza kwa sababu kila aliye karibu nami ameshanihukumu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, napiga pasi kwenye chumba cha dobi cha hospitali, mashuka na makoti ya madaktari, na mume wangu ni fundi wa vioo. Nilimfahamu alipokuja kubadilisha kioo cha dirisha letu kilichopasuka, akawa anapima na kukata bila kusema neno, nikamwuliza, "Fundi, wewe huongei?" akanijibu, "Kioo hakipendi kelele," nikacheka, naye akacheka, basi mambo yakaanzia hapo. Alikuwa mgane mwenye binti mmoja wa shule ya msingi, ambaye mtaa mzima unamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi aliyo nayo shavuni, na jina hilo alipewa na marehemu mama yake.

Nilipoolewa nilikuta mbele ya dirisha la chumba cha kulala kuna kichaka cha mkwamba. Si ua la kununua, mshauri, ni ule mti mfupi wa porini unaojiotea kando ya njia, wenye vijitunda vyeupe kama shanga, ambao mtu akiuona uani kwako anakuuliza kwa nini hujafyeka. Hadithi yake niliambiwa baadaye. Marehemu aliugua muda mrefu, ikafika mahali hawezi kutoka kitandani, akamwambia mumewe, "Baba Kidoti, nikifa huku nakodolea ukuta huu, nitarudi nikusumbue." Mume akabomoa ukuta akatia kioo kikubwa, lakini nje ya kioo hakukuwa na kitu, ni udongo mtupu na kamba ya kuanikia nguo, sasa mgonjwa ataangalia nini? Ndipo alipokwenda kule greda lilikokuwa linapanua barabara, akauchimbua mkwamba mmoja na udongo wake kabla haujasagwa, akaufunga kwenye gunia, akaupakia kwenye baiskeli na kuusukuma mpaka nyumbani huku watu wakimcheka kwamba fundi vioo sasa anaoa kichaka. Ulishika. Ulipochanua, vijiua vyake havionekani kwa mbali lakini nyuki waliviona, ulipozaa wakaja ndege, shore wale wenye vichwa vyeusi na makelele, na pasa wenye mikia mirefu wanaoning'inia kwenye matawi kama nguo zilizosahauliwa, na vipepeo, hata kinyonga alihamia. Mgonjwa akawa analala ubavu akiwatazama. Alikufa kitandani hapo, msimu wa vijitunda, ndege wakiwa nje.

Sitakuficha, mwanzoni kichaka kile kilinikaba. Nililala nikijiona nalala machoni pa mtu. Lakini Kidoti alikuwa ameweka mfuniko wa sufuria chini yake, anautia maji kila asubuhi, na maneno yake ya kwanza kwangu ambayo hakulazimishwa na baba yake yalikuwa, "Usifungue dirisha kwa nguvu, wanaogopa." Nikajifunza kufungua polepole. Akanifundisha yupi anakula kwa pupa na yupi anasubiri, akanionyesha viwavi nikataka kuwaponda akapiga kelele, "Usiwaue, hao ndio chakula cha watoto wao!" Ikawa tukikosa la kuongea tunaongea habari za ndege. Akaanza kuniita Mama Pasi, kwa ajili ya kazi yangu, na wale wenye mikia mirefu wakitua anacheka, "Mama Pasi, ndugu zako pasa wamekuja, watengee chai." Mshauri, mimi sikujaliwa kuzaa. Siku mtoto yule aliposinzia akaniegemea begani huku namsuka, nilikaa nimepinda shingo mpaka ikakaza, sikuthubutu kujisogeza.

Tatizo lilikuwa kwa baba. Msimu wa vijitunda ukiingia alikuwa anabadilika, anaamka kabla ndege hawajaanza, anatoka bila chai, nikadhani ana mwanamke mwingine, nikambana. Akakaa kitandani akaniambia, "Wakishuka wale ndege naona kichwa chake kinageuka kwenye mto. Kila siku kinageuka. Nimechoka, mke wangu." Nikamwambia tuhamie chumba kingine, akasema hapana, nikamwambia tuweke pazia zito, akasema atafikiria. Pazia halikununuliwa.

Jumamosi moja Kidoti alikuwa amekwenda kwa mama yake mdogo, mimi nilikuwa zamu. Narudi, nafungua geti, nakuta uwanja umejaa matawi. Kichaka chote chini. Vijitunda vimetapakaa kama mtu kamwaga mchele, na shore wawili wanazunguka juu wakilia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mume wangu amesimama katikati na panga, fulana imemlowa, ananitazama kama hanijui. Sikumgombeza. Nilimsogelea taratibu nikamwambia, "Nipe hilo," akaniachia, akaenda bombani kunawa. Na mimi nikabaki nimeshika panga nikitazama kisiki.

Ndipo Kidoti akaingia.

Alitazama matawi, akatazama panga, akanitazama mimi. Hakulia. Alisema, "Umefurahi sasa?" Nikamgeukia baba yake, nikamsubiri. Alifungua mdomo, nilimwona kwa macho yangu akiufungua, halafu akainama akaendelea kunawa, na maji yakaendelea kutoka. Mtoto akapiga magoti kwenye yale matawi, akafukua, akakuta kiota na makinda mawili hayajaota manyoya, akavua sweta akayafunga.

Alipoingia ndani nilimfuata mume wangu, nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

Akasema, "Nitamwambiaje? Mama yake alimwachia mti na mimi, basi. Wewe akikuchukia ana pa kukimbilia, atakuja kwangu. Akinichukia mimi atakwenda kwa nani?"

"Na mimi nikimbilie kwa nani?"

Hakunijibu mpaka leo.

Makinda yale yalikufa. Kidoti aliyazika mwenyewe, akafunga nguo zake, mama yake mdogo akaja kumchukua. Akasimama mlangoni kwangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu, "Tulijua tu. Ulianza na kitanda cha dada yangu, ukaja kwenye mti wake, sasa umebakiza mtoto." Mume wangu alikuwa sebuleni, amekaa. Tangu siku hiyo nikifika kwa muuza duka wanawake wananyamaza, na yupo mmoja nimemsikia akiniita Mama Panga. Nilikwenda kwenye geti la shule kumpelekea Kidoti sweta nililomfulia, akanipita kama nguzo ya umeme. Mwenzake akamwuliza, "Yule si mama yako?" akasema, "Yule? Ni mke wa baba."

Mume wangu si mtu mbaya, mshauri, naomba wasomaji wasimtukane. Hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Siku hizi anakula amegeukia ukuta. Kila Jumapili anakwenda kumwona binti yake, na binti anamkumbatia na kumwambia, "Pole baba, najua na wewe umeumia," naye anarudi nyumbani anajifungia. Sasa kile kisiki kimeanza kuchipua, vichipukizi vyekundu vinatoka pembeni, na mimi nimekuwa nakimwagia maji ya kusuuzia vyombo bila kusema. Juzi ameviona. Jana ameleta saruji na kokoto, kasema fundi atakuja wiki ijayo kusakafia uwanja wote wa dirishani, "ili tumalize."

Naomba unishauri. Nimwambie mtoto ukweli, nimvunjie na huyo mzazi mmoja aliyebaki? Au ninyamaze, niendelee kuwa mama wa kambo wa kwenye hadithi, nioze ndani kwa ndani? Au nifunge virago nirudi kwetu, maana hata nikiondoka watasema si mnaona, alikuja kukata mti tu? Na kisiki nikiache kifunikwe?

Ni mimi,
Mpiga Pasi

JIBU LA MSHAURI

Mpiga Pasi, pole. Nilisoma barua yako nikasimama kidogo dirishani kwangu kabla sijaweza kuendelea. Umemkuta mtoto wa mwenzio, ukampenda bila kumlazimisha akupende, na ulichopata ni jina la Mama Panga. Inauma, na huna kosa la kuumia.

Haya, sasa futa machozi, maana nina ugomvi na wewe.

Unasema unanyamaza ili mtoto asimpoteze baba. Dada yangu, mtoto hayuko nyumbani! Amelala kwa mama yake mdogo huku anamkumbatia kila Jumapili mtu asiyemjua. Huo ubaba unaoulinda uko wapi? Wewe unalinda uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Kidoti si mjinga, mtoto anayejua ndege gani anakula kwa pupa na yupi anasubiri atakuja kujua pia mti ule ulikatwa na mkono wa nani. Siku akijua akiwa mtu mzima atawapoteza wote wawili kwa mpigo, baba kwa kusema uongo na wewe kwa kumsaidia. Na tena atajihukumu mwenyewe kwa alivyokupita pale getini. Unataka abebe na hilo?

Mumeo namwonea huruma, nasema kweli. Mwanamume akifiwa tunampa mkono wa pole, tukishamaliza kumpa mkono tunamwuliza ataoa lini. Huyu alibomoa ukuta, akasukuma kichaka kwenye baiskeli, akamtazama mkewe akimalizika mbele ya kioo alichokiweka yeye mwenyewe, kisha akaendelea kulala kwenye chumba kilekile. Asingekata mti angekata kitu kingine. Huzuni yake si kosa. Kosa ni kukutwika wewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo anavyouona mzigo wako. Hajui una uzito gani kwa sababu hujawahi kuutua ukamwambia anyanyue. Wewe nawe umezidi upole. Ulimwuliza swali moja, akanyamaza, ukaenda kumwagia kisiki maji ya vyombo!

Basi sikiliza. Kwanza, fundi wa saruji asifike. Mpigie simu leo, mwambie kazi imeahirishwa, na mumeo akiuliza mjibu ukweli kwamba umeahirisha wewe. Saruji ikimwagwa, mtoto akija kuiona, hakuna neno litakaloingia masikioni mwake.

Pili, atakayemwambia Kidoti ni baba yake. Si wewe, si mimi, si jirani. Mkalishe mchana, mkiwa wawili, mwambie hivi bila kupaza sauti: "Baba Kidoti, nimebeba, nimechoka. Nakupa mpaka Jumapili. Ukishindwa, nitakwenda mimi, na nitasema sentensi moja tu: si mimi niliyekata, muulize baba yako." Kisha nyamaza, na safari hii unyamaze kwa nguvu. Akisema mtoto atamchukia, mwambie ndiyo, huenda akamchukia kwa muda. Mtoto anaweza kumchukia baba aliyekosa na bado akawa na baba. Na amwambie yote, habari ya kichwa kugeuka kwenye mto pia, maana huyo alikuwa mama wa Kidoti kabla hajawa marehemu wa mumeo, na nina hakika msichana huyo naye ana yake anayoyaona ndege wakishuka, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tatu, hameni chumba hicho! Nashangaa mmewezaje. Chukueni chumba kingine hata kama ni kidogo kama kiberiti, na hicho chenye dirisha kubwa mpeni msichana. Anayetaka kuwaona ndege awaone, asiyeweza asilazimishwe.

Sasa kisiki. Usikichimbe na usikubali kichimbwe. Mkwamba ni mti wa kwetu, haukufa kwa greda hautakufa kwa panga; ukikatwa unarudi na vijiti vingi kuliko mwanzo. Vichipukizi viacheni vikue, msivipunguze mpaka viwe na nguvu, na tangu leo kwenye nyumba hiyo pasipitishwe panga wala mkasi kwenye kichaka chochote kabla mtu hajainama akachungulia kama kuna kiota. Msipulizie dawa ya wadudu, Kidoti alishakueleza viwavi ni chakula cha nani. Majani yakidondoka yaacheni chini, yana wadudu wa kulisha ndege na yatahifadhi unyevu. Mkitaka mingine kando ya ua, mbali na macho ya mumeo, kateni vijiti vya mikwamba tofauti ya kando ya njia mvua zikianza mvichomeke kwenye udongo, na pandeni kadhaa kwa pamoja, kwa sababu mkwamba una wa kiume na wa kike; wa kiume hutoa maua peke yake, na wa kike akikosa dume karibu hazai; wenu bila shaka ulikuwa na dume lake huko kando ya njia.

Kuhusu kufunga virago: hapana. Bado. Ukiondoka sasa utakuwa umetia saini kosa la mtu mwingine. Umwone kwanza mumeo anafanya nini Jumapili, halafu uamue kuhusu ndoa yako ukiwa umesimama wima.

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimsomea Mpiga Pasi kwa simu siku ileile, kwa ajili ya saruji, nikachelewesha kulichapa hadi nipate habari. Wiki hii amenipigia. Alikuwa analia, nikamwacha alie.

Fundi wa saruji alirudishwa. Mume aligoma siku ya kwanza, akagoma ya pili, Jumapili akavaa shati, akamwambia mkewe, "Twende wote, nikishindwa unishike." Walikaa sebuleni kwa yule mama mdogo. Akasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba aliyekata ni yeye, na kwamba aliufunga mdomo wake huku mkewe akihukumiwa. Mama mdogo akaweka kikombe chini. Mtoto akauliza, "Baba, kiota ulikiona?"

Akasema, "Nilikiona."

"Ulipomaliza kukata?"

Fundi vioo angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwepo zaidi yake na ndege. Akasema, "Hapana, mwanangu. Kabla. Nilikiona nikaendelea."

Kidoti aliinuka akaingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo, wakasikia akilia kule ndani kilio ambacho Mpiga Pasi anasema hakikuwa cha mti wala cha makinda, kilikuwa kile ambacho hakulia siku ya mazishi. Baba akaenda kukaa chini nje ya mlango, mgongo ukutani. Mama mdogo alimtazama Mpiga Pasi, akaokota vikombe, akaingia jikoni. Mpaka tunakwenda mitamboni msichana hajarudi nyumbani, hajamsalimia baba yake, na kwa huyu mama yake wa kambo hajatuma neno lolote, zuri wala baya.

Dada yangu, uliniuliza kwa simu, sasa nifanye nini tena? Hakuna tena. Usimwendee kudai pole, na mumeo asipeleke zawadi. Ila yeye aende kila Jumapili kama kawaida, agonge, akae nje ya mlango huo hata kama haufunguliwi, kisha arudi. Wewe tandika kitanda kwenye kile chumba chenye kioo, fungua dirisha, uache hewa iingie. Siku Kidoti akija, asiulizwe amesamehe au hajasamehe. Mpakulieni chakula, mumpishe apite.